Mali Bila Daftari: Fedha za Umma na Shule za Mkataba katika Kongo, 1906–2021

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yawahusu kwanza wafanyabiashara, lakini katika makala hii tutaitumia kuhusu shule. Kusudi letu ni kufuatilia swali moja katika historia ya elimu ya nchi yetu: fedha za umma zinapokabidhiwa chama kisicho cha serikali ili kiendeshe shule, ni nani anayepaswa kutoa hesabu, na ni nani anayepaswa kuipokea?

Swali hili si la Kongo peke yake. Huko Marekani, jimbo la Minnesota lilipitisha mwaka 1991 sheria ya kwanza iliyoruhusu shule za mkataba, yaani shule zinazolipiwa na kodi ya wananchi lakini zikaendeshwa na kikundi kilichopewa hati maalumu. Shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Tangu hapo ubishi haujakoma kati ya wanaozitetea shule hizo na wanaotetea shule za mtaa, ambazo katika sehemu nyingi za nchi hiyo husimamiwa na halmashauri inayochaguliwa na wakazi wenyewe. Msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani akisikia ubishi huo hapati sababu ya kushangaa. Sisi tulizijua shule za namna hiyo zamani. Tunaziita kwa Kifaransa écoles conventionnées, na sehemu kubwa ya watoto wa Kongo husomea humo. Ni shule za umma, mishahara ya walimu wake inapaswa kutoka hazina ya serikali, lakini wanaoziendesha ni Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu na wengineo.

Kabla ya kuendelea, tutazame kidogo maneno. Katika Kiswahili cha Katanga mtu husema mtoto wake yuko "ku masomo", na akiulizwa masomo gani, hujibu mara nyingi kwa kumtaja mwenye shule: masomo ya mapadri, masomo ya Leta. Neno Leta latokana na Kifaransa, nalo lina maana ya serikali. Kwa hiyo mzazi anajua vema kwamba shule ina mwenyewe. Neno jingine ni "hesabu". Lina maana mbili: kuhesabu vitu, na kueleza mbele ya mwingine jinsi ulivyotumia ulichokabidhiwa. Tutaona kwamba shule zetu zilihesabu sana kwa maana ya kwanza, na zilitoa hesabu kwa maana ya pili kuelekea upande mmoja tu, yaani juu.

Hoja yetu basi ni hii: mikataba ya shule katika Kongo ilifungwa daima na pande mbili, serikali na msimamizi. Mzazi hakuwa mmoja wa waliotia sahihi. Alipokuja kuingia, aliingia kama mlipaji.

2. Ardhi kwa shule: mapatano ya mwaka 1906

Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru la Kongo, lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II, lilifunga mapatano na Kiti Kitakatifu cha Roma. Wakati huo mfalme alikuwa taabani. Habari za ukatili wa biashara ya mpira zilikuwa zimeenea Ulaya na Marekani, na miongoni mwa waliozitoa walikuwamo wamisionari Waprotestanti, wengi wao Waingereza na Wamarekani. Alihitaji marafiki, naye aliwatafuta katika misioni za Wakatoliki wa Ubelgiji.

Kwa mapatano hayo kila kituo cha misioni kilipewa ardhi, kati ya hekta 100 na 200, bila malipo na kwa daima. Misioni nazo zilikubali kuanzisha, kadiri ilivyowezekana, shule ambamo Waafrika wangefundishwa hasa kilimo na kazi za mikono. Programu ya masomo ilipaswa kupelekwa kwa Gavana Mkuu, na lugha za taifa la Ubelgiji zilihesabiwa kuwa sehemu ya lazima ya mafundisho. Tena mkuu wa kila misioni alitakiwa kumpelekea Gavana Mkuu, kwa nyakati maalumu, ripoti juu ya shule zake: zilivyopangwa, idadi ya wanafunzi, na maendeleo ya masomo.

Tukiyatazama mapatano hayo kwa jicho la leo, tutakuta humo karibu mambo yote ya shule ya mkataba. Kuna mali ya umma inayotolewa, kuna kazi inayoagizwa, na kuna ripoti inayodaiwa. Lakini mali yenyewe ilikuwa ya nani? Fedha taslimu zilikuwa chache. Kilichotolewa ni ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa ya vijiji. Wenye mashamba na makaburi yao pale ndio waliokuwa wafadhili wa kwanza wa shule za Kongo, bila kuulizwa. Na katika ngazi ya kutoa hesabu, kijiji hakikuwa na kipandio: ripoti ilitoka kwa mkuu wa misioni, ikaenda Boma kwa Gavana Mkuu, basi.

3. Zama za ruzuku, 1925–1948

Baada ya vita vya kwanza vya dunia serikali ya Ubelgiji iliona kwamba koloni inahitaji makarani, mafundi, wauguzi na walimu wengi zaidi. Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyopita Kongo mwaka 1921, ilisisitiza ushirikiano kati ya serikali na misioni. Waziri wa makoloni, Louis Franck, aliunda tume ya kulichunguza jambo hilo mwaka 1922. Matunda yake ni mpango wa mwaka 1925, uliokamilishwa na kitabu cha kanuni cha mwaka 1929. Kuanzia hapo ruzuku ya fedha ikawa ndiyo msingi wa elimu: misioni iliyofuata programu ya serikali na kukubali kukaguliwa ililipwa kutoka bajeti ya koloni.

Mambo mawili katika kanuni hizo yanatuhusu hapa.

Jambo la kwanza ni kwamba ruzuku ilitengwa kwa ajili ya misioni zilizoitwa "za taifa", yaani za Wabelgiji. Kwa maneno mengine, ilikuwa kwa Wakatoliki karibu peke yao. Misioni nyingi za Kiprotestanti zilitoka Uingereza, Marekani au Sweden, nazo zikabaki nje. Lakini kodi ya kichwa haikuuliza dini ya mtu. Mkristo wa Kiprotestanti, na Mwislamu wa Kasongo vilevile, walitozwa sawa na jirani yao Mkatoliki, na fedha zao zikaenda kulipia shule ambamo watoto wao hawakuwa na nafasi ila kwa kubadili dini au kuificha. Hali hii ilidumu zaidi ya miaka 20. Ni baada ya vita vya pili tu ambapo mlango ulifunguliwa, na kanuni za mwaka 1948 zikazikubali rasmi misioni za Kikristo za kigeni katika mpango wa ruzuku.

Jambo la pili ni ukaguzi. Serikali ilikuwa na wakaguzi wachache mno kwa nchi kubwa namna hii. Kwa hiyo kazi nyingi ya kukagua ilikabidhiwa wamisionari-wakaguzi, waliochaguliwa katika misioni yenyewe na kulipwa na serikali. Mmisionari huyo alizunguka kutoka kituo hadi kituo, akahesabu madarasa na wanafunzi, akaandika ripoti. Wengi wao walikuwa watu wa bidii na wenye ujuzi wa lugha na watoto. Hatuna haja ya kuwatilia shaka. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na kasoro: mwenye kupokea fedha na mwenye kuthibitisha matumizi yake walikaa meza moja.

Hapo Kiswahili nacho kilipata nafasi yake. Kanuni za wakati huo zilipendelea lugha za Kiafrika katika madarasa ya chini, na mashariki mwa nchi, kutoka Katanga hadi Maniema na Kivu, lugha hiyo mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Mapadri Weupe walikwisha kukitumia tangu karne ya 19 katika vituo vyao vya Tanganyika, kama Mpala. Wabenedikto na Wasalesiani walikikuta katika miji ya Katanga. Mtoto alijifunza kusoma kwa Kiswahili, akahesabu kwa Kiswahili, akasali kwa Kiswahili. Lakini ripoti iliyosema yeye ni wa ngapi na amegharimu kiasi gani iliandikwa kwa Kifaransa, ikasafiri mbali na baba yake.

Katika Katanga kulikuwa na mlipaji wa tatu. Kampuni ya Union Minière, ilipoanza katika miaka ya 1920 kuwatuliza wafanyakazi pamoja na familia zao katika kambi zake, ilikabidhi shule za kambi kwa Wabenedikto. Kampuni ililipa, misioni ikafundisha. Mchimbaji ambaye jasho lake ndilo lililotoa shaba, na shaba ikatoa fedha, alipokea mtoto aliyefundishwa, lakini hakupokea hesabu. Mfumo ulikuwa uleule, hata pale ambapo mwenye mfuko si Leta.

4. Vita vya shule, 1954–1958

Mwaka 1954 Waliberali na Wasosialisti walishika serikali mjini Brussels, na Auguste Buisseret, Mliberali, akawa waziri wa makoloni. Katika mwaka huohuo tume iliyotumwa kuchunguza elimu ya Kongo ilitoa ripoti iliyolaumu vikali kiwango cha shule za misioni. Buisseret alianza kufungua mijini shule rasmi za serikali, zisizo za dini, kwa ajili ya watoto wa Kiafrika. Kabla ya hapo shule za serikali zisizo za dini zilikuwa zimefunguliwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu tu.

Maaskofu Wakatoliki walipinga. Walisema kwamba serikali inawanyima wazazi haki ya kuchagua elimu ya dini, na kwamba fedha zinazopelekwa shule mpya zinapunguza ruzuku ya zile zilizokwisha kufanya kazi. Upande wa waziri nao ulisema kwamba fedha za wote hazifai kumtajirisha mmoja. Ndiyo maneno yaleyale yanayosikika leo Marekani kati ya watu wa shule za mkataba na watu wa shule za mtaa, ingawa pande zimebadilishana mavazi.

Ni jambo la kuangaliwa kwamba kila upande ulisema kwa jina la mzazi Mwafrika. Na kweli, Wakongo wengi wa mijini walizipokea shule mpya kwa furaha, kwa sababu zilikuwa na programu iliyokaribia ile ya Wazungu. Lakini mzazi huyo hakuwa na kura. Bajeti ya koloni iliamuliwa Brussels. Ugomvi ulitulia pale Wabelgiji walipopatana wenyewe kwa wenyewe: mkataba wa shule uliofungwa na vyama vyao vya siasa mwaka 1958 ulimaliza vita hivyo huko kwao, na makali yake yakapungua huku.

Vita hivyo viliacha alama mbili kubwa katika elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Lovanium, cha Wakatoliki, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Chuo Kikuu Rasmi, cha serikali, kilifunguliwa Élisabethville mwaka 1956. Sisi tunaosoma na kufundisha Lubumbashi tumekaa katika nyumba iliyojengwa na ugomvi huo.

5. Kutaifisha na kurudisha, 1974–1977

Uhuru wa mwaka 1960 haukubadili sana mpango wa fedha. Programu ziliunganishwa, na mwaka 1962 Kifaransa kikafanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, lakini shule za makanisa ziliendelea kupewa ruzuku. Badiliko kubwa lilikuja na utawala wa Mobutu. Vyuo vikuu vilitaifishwa na kuunganishwa mwaka 1971. Kisha ugomvi ukatokea kati ya chama cha MPR na Kanisa Katoliki juu ya majina ya Kikristo na vijana wa chama katika seminari. Mafahali wawili hawakai zizi moja: mwishoni mwa mwaka 1974 ilitangazwa kwamba shule zote zinachukuliwa na serikali, na mafundisho ya dini yakaondolewa ili kuyapisha mafundisho ya uraia na siasa.

Kwa nadharia, hapo ndipo swali letu lingepata jibu rahisi. Shule zote zilikuwa sasa za umma, chini ya mwenyewe mmoja. Lakini mwenyewe huyo hakuwa tayari. Bei ya shaba, nguzo ya bajeti ya Zaïre, ilianguka katika mwaka uleule, na madeni ya nje yakazidi kuwa mzigo. Serikali ilikuwa imetwaa maelfu ya majengo, walimu na wanafunzi bila kuwa na watu wa kuviendesha wala fedha za kuvilisha. Miaka miwili ilitosha kuonyesha kwamba kutaifisha si kusimamia.

Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo la Zaïre (yaani Waprotestanti) na Kanisa la Kimbangu. Waislamu walifunga wao baadaye. Mkataba huo ndio uliozipa shule hizo jina lake. Masharti yake kwa ufupi ni haya: serikali inabaki mwenye shule, inaweka programu, inakagua, inalipa walimu. Kanisa linakuwa msimamizi, au tuseme wakili: linapendekeza na kuhamisha walimu, linawachagua wakuu wa shule, linalinda nidhamu na roho ya shule. Ofisi za uratibu za kila dini zilisimama sambamba na ofisi za serikali, kutoka Kinshasa hadi wilayani.

Yafaa tutoe haki kwa mkataba huo. Uliwarudisha kazini watu waliojua kazi. Tena kwa mara ya kwanza uliwaweka Wakimbangu, ambao kanisa lao lilikuwa limepigwa marufuku na wakoloni hadi mwaka 1959, sawa na waliokuwa watesi wao. Lakini mkataba uliacha mlango mmoja wazi. Mwenye kulipa hakuwa mwenye kuchagua, na mwenye kuchagua hakuwa mwenye kulipa. Mwalimu alikuwa na wakubwa wawili, na mwenye wakubwa wawili hana mkubwa siku mambo yanapoharibika. Sheria ya elimu ya tarehe 22 Septemba 1986 iliuthibitisha mpango huo. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 iliundwa ofisi ya SECOPE kwa ajili ya kuhesabu walimu na kuangalia mishahara yao. Kwamba serikali ililazimika kuunda ofisi ya kujua idadi ya watu inaowalipa, hilo peke yake latosha kueleza hali ya daftari.

6. Mzazi anaingia, 1991 na baadaye

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfuko wa serikali ulikauka. Walimu waligoma; mnamo Septemba 1991 wanajeshi walipora miji; mwaka wa masomo ukapotea. Bei zilipanda kwa kasi ambayo hata fedha mpya ya mwaka 1993 haikuweza kuizuia, na mshahara wa mwalimu ukawa haununui kitu. Ndipo chama cha wazazi, viongozi wa Kanisa Katoliki na wawakilishi wa walimu walipokubaliana kwamba wazazi watoe mchango wa kuwashika walimu darasani. Mchango huo ukaitwa "prime". Ulikusudiwa kuwa dawa ya muda. Ulidumu zaidi ya robo karne.

Hapa tufikirie kwa makini, kwa sababu mambo mawili yalitokea pamoja.

La kwanza, shule hazikufa. Katika nchi ambamo barabara zilifungwa na benki zikafunga milango, watoto waliendelea kwenda shule kila asubuhi, na walimu waliwapokea. Hilo ni tendo kubwa la wazazi wa Kongo, na halijapata bado mwanahistoria wake. Isitoshe, mzazi alipata nguvu aliyokuwa hana: mwalimu aliyelipwa naye alijua kwamba wazazi wakikasirika, darasa litahamia shule ya jirani. Kamati za wazazi, ambazo zamani ziliitwa siku za sherehe, sasa zilikaa kujadili kiasi cha "prime".

La pili, fedha za mzazi hazikubaki shuleni. Juu ya "prime" kulikuwa na minervali, bima, karatasi za ripoti, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na malipo mengine ambayo majina yake yalibadilika kila mwaka. Sehemu ya mapato hayo ilipandishwa ngazi kwa ngazi, kwa asilimia zilizopangwa: ofisi ya uratibu ya kanisa ilipata yake, ukaguzi wake, wilaya yake, jimbo lake. Ofisi ambazo hazikupokea tena fedha za uendeshaji kutoka Kinshasa zilijifunza kuishi kwa mfuko wa mzazi. Hali kadhalika, kadiri shule zilivyozidi, ndivyo ofisi zilivyopata zaidi. Kufungua shule mpya kukawa njia ya kujipatia riziki, ijapokuwa hazina haikuwa na mshahara wa walimu wake.

Angalia basi jinsi mambo yalivyopinduka bila kubadilika. Mwaka 1906 ripoti ilipanda na mali ilishuka. Katika miaka ya 1990 ripoti ilipanda, na mali nayo ikapanda. Mwenye kulipia elimu alikuwa sasa mzazi. Lakini hesabu iliendelea kwenda kwa askofu, kwa mratibu, kwa mkaguzi. Mzazi alipewa risiti, pengine. Hesabu hakupewa.

7. Elimu bila malipo na daftari lake

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na bila malipo katika shule za umma. Shule za mkataba, kwa kuwa ni za umma, zimo. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuondoa malipo hatua kwa hatua kuanzia madarasa ya chini, lakini Kinshasa na Lubumbashi ziliachwa nje. Baada ya hapo mishahara ilianza kupitishwa benki. Na pale ambapo hakuna benki, Caritas, shirika la Kanisa Katoliki, lilipewa kazi ya kuifikisha. Msimamizi wa shule akawa pia mbebaji wa fedha.

Hatua kubwa ilichukuliwa mwaka wa masomo 2019–2020, chini ya Rais Félix Tshisekedi, ambapo malipo ya shule ya msingi yaliondolewa nchini kote. Watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa "prime" walifurika madarasani. Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kuisaidia elimu hiyo. Ni furaha iliyostahili. Lakini walimu wengi walikuwa hawamo katika orodha ya mishahara, wale wanaoitwa kwa kifupi NP, yaani wasiolipwa. "Prime" ilipoondoka, waliondokewa na riziki yote. Upande wa pili, ukaguzi wa serikali ulionyesha kwamba orodha hiyohiyo iliwabeba watu na shule zisizokuwako. Mwaka 2021 mahakama mjini Kinshasa iliwatia hatiani maofisa wakuu wawili wa elimu kwa ubadhirifu wa fedha hizo. Mwalimu aliyekuwako hakuwa na jina kwenye karatasi, na jina lililokuwa kwenye karatasi halikuwa na mwalimu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. "Prime" ilikuwa mzigo na dhuluma kwa maskini. Kuiondoa ni haki. Lakini ndiyo iliyokuwa fimbo pekee mkononi mwa mzazi. Ilipoondolewa bila kumpa kitu kingine, mzazi alirudi mahali alipokuwa mwaka 1929: anamleta mtoto, anangoja. Kamati iliyokuwa ikijadili fedha haina tena fedha ya kujadili, na ile inayotoka Kinshasa haiambiwi ni kiasi gani.

8. Hitimisho

Historia tuliyoifuata haituambii kwamba shule za makanisa ni mbaya, wala kwamba shule za Leta ni bora. Tumeona misioni zikijikagua, na tumeona serikali ikitwaa shule zote na kushindwa kuziendesha. Haituambii pia kwamba kukabidhi shule kwa mkataba ni kosa. Huko Marekani hati ya shule ya mkataba hutolewa kwa muda maalumu, na aliyepewa anaweza kunyang'anywa. Shule ya mtaa nayo ina halmashauri ambayo mkazi anaweza kuiangusha kwa kura. Njia zote mbili zina kasoro zake, lakini katika kila moja kuna siku ambapo msimamizi hujua kwamba ataulizwa. Mzazi wa Kongo hakuwekewa siku hiyo.

Inafaa kwanza tulitenge jambo moja na jingine. Mzazi asipewe hesabu kwa sababu amelipa, maana ndipo asiyelipa atakapokuwa hana haki. Apewe kwa sababu mtoto ni wake, ardhi iliyojengwa shule ilikuwa ya babu yake, na kodi inayolipa mwalimu hutoka sokoni anakonunua chumvi na sabuni. Kama elimu bila malipo itadumu, haki hiyo lazima iandikwe penye sahihi, kando ya jina la serikali na jina la kanisa.

Na kwa upande wetu, sisi wa masomo ya Kiswahili, kazi ipo. Mapatano ya mwaka 1906, kanuni za mwaka 1929, mkataba wa mwaka 1977 na sheria zilizofuata, vyote viliandikwa kwa Kifaransa. Ruzuku, msimamizi, mwenye shule, ukaguzi: maneno haya yapo katika lugha yetu na yanaeleweka sokoni Kadutu na Kenya kama katika ukumbi wa chuo kikuu. Mkataba wa shule ukitafsiriwa, na kiasi kilichopokelewa pamoja na orodha ya walimu wanaolipwa vikabandikwa ukutani kwa Kiswahili, mama anayemsindikiza mtoto wake asubuhi ataweza kusoma na kulinganisha. Atajua kama mwalimu wa darasa la pili, anayemwona kila siku, yumo katika orodha. Na kama yumo mwingine ambaye hajapata kumwona. Hilo ndilo daftari tunaloweza kulianza bila kungoja Kinshasa.